Turubai Juu ya Tela, Mama Mkwe Ndani

Jumapili, 2 Juni

Leo nimepata wazo. Si wazo la kawaida. Wazo la kunitoa!

Tela langu la mizigo limekaa uani tangu niache kazi ya kuhamisha watu nyumba. Boksi la bati, magurudumu mawili, mlango wa nyuma unaofunguka nje. Limebeba makabati, majokofu, vitanda vya mabibi harusi. Mke wangu anasema siku hizi linabeba panya. Anataka liondoke apate pa kuanika nguo. Kaka yake naye analitaka la kubebea matofali. Matofali! Nalipenda tela hili, naandika wazi, na siku litakapotiwa matofali na mimi nitiwe kaburini.

Wazo lenyewe: tela ligeuke nyumba ya kupigia kambi. Ndani godoro. Nje, juu ya mlango, kivuli cha turubai. Viti, chai, upepo. Nimemweleza mke wangu. Amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si dalili njema. Kisha ametoa masharti. Ijumaa tunakwenda kupiga kambi, na mama yake aliyekuja kututembelea ndiye atakayelala ndani ya tela. Akilala bila tone la maji kumgusa, akasema kwa kinywa chake kwamba amefurahi, tela linabaki. Akilalamika hata neno moja, tela ni la kaka mtu.

Nimekubali papo hapo. Baadaye ndipo nikakumbuka mama mkwe ni mtu wa namna gani. Hajasifu kitu changu tangu harusi. Siku ya harusi yenyewe alisifu viti.

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji amekuja. Mimi humwita Bwana Futi, kwa kuwa futi ya chuma haitoki mfukoni mwake hata msibani. Ametuonyesha picha za kivuli chake kipya. Cha dukani, kimefungwa ubavuni mwa gari, unazungusha mpini kinakunjuka chenyewe. Kimekuja na kitabu cha maelekezo. Nimemwambia mtu anayehitaji kusoma ili akae kivulini si angekaa tu chini ya mti? Mke wangu amecheka. Bao!

Akaniuliza mimi nimepima nini mpaka sasa. Nikamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akanitazama kichwani kwa muda mrefu. Nina upara.

Sare, bao moja kwa moja.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza. Nilitaka kufunga ubao kwenye ukingo wa paa ili ushike turubai. Nimeazima drili kwa seremala wa jirani. Ameniuliza kama bati si jembamba. Nimemwambia ni bati la zamani, bati la heshima. Nikachagua skrubu ndefu kuliko zote, kwa usalama. Zikaingia vizuri. Zikaingia mno! Nikazitoa, nikasogeza ubao, nikatoboa tena. Ubao ukapinda. Nikausogeza tena.

Jioni nikaingia ndani nikajifungia nione kazi yangu. Niliona nyota. Paa zima, nyota tupu, na jua bado halijatua!

Mke wangu naye ameingia. Ametazama juu, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kuwa mkuu wa nyumba hii ni mimi. Akasema basi nijisikilize.

Jumatano, 5 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Nimepita pale kwenye mzunguko wa barabara, nikakuta mafundi wa mabango wanashusha bango la zamani. Lile la turubai la plastiki, nene, kubwa kuliko sebule yetu. Wanalitupa! Nimewasaidia kulikunja, wakanipa. Upande mmoja mweupe, wa pili una tangazo. Sikuona tangazo la nini. Niliona kisigino cha mtu tu, kikubwa kama beseni. Kisigino hakizuii kivuli.

Sasa mpango umekua. Turubai litafunika paa zima, liyazibe matundu yote, na kinachobaki kitanyooshwa nje juu ya mlango. Turubai moja, kazi mbili. Nani mwingine angewaza hivi?

Ua wetu ni mwembamba, sikuweza kulitandika chini. Nikalipandisha juu ya tela likiwa limeviringishwa, nikalikunjua kidogo kidogo huku nimelala kifudifudi. Upande mweupe chini, tangazo juu. Sababu ni ya kitaalamu: weupe utawapa mwanga walio chini. Tangazo lenyewe sikulisoma. Herufi moja inanizidi urefu, na ukiwa juu ya herufi husomi, unateleza.

Nikashuka, nikasimama chini ya kivuli changu, nikatazama juu. Cheupeee! Kisafi! Utadhani hakijawahi kuwa bango. Kwa furaha nimeimba nikioga, mke wangu amegonga mlango mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi wa kuchomelea amenitengenezea nguzo mbili za bomba. Nimezisimamisha mbele ya mlango, nikafunga kamba, kivuli kikanyooka. Nikamkaribisha mama mkwe aje aone.

Bwana Futi alikuwepo, kama kawaida yake pasipomhusu. Akasema nguzo ziko karibu mno na mlango. Akataka kupima. Nikamwambia futi ni ya watu wenye wasiwasi. Mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani kukagua. Akatoka kwa kuusukuma mlango kwa nguvu zote. Mlango ukagonga nguzo. Nguzo ikaanguka na kivuli. Kivuli kikamfunika mama mkwe mzima mzima.

Sasa nifanye nini? Mkwe hakamatwikamatwi! Nikasimama mbali kwa adabu, nikakohoa, nikaanza kumwelekeza kwa mdomo: kushoto, Mama, kushoto kidogo, sasa inama. Sauti ikatoka chini ya turubai ikiuliza kama hiki ndicho kivuli chenyewe au bado hakijaanza. Bwana Futi alilazimika kushika ukuta kwa kucheka.

Nguzo nimezisogeza nje hatua tatu. Si kwa sababu alisema yeye. Nilikuwa nimeshapanga.

Ijumaa, 7 Juni

Tumefika! Mahali pazuri ajabu. Kilima juu ya ziwa, kimekatwa ngazi ngazi, kila ngazi na kambi zake. Wengine wote wamebanana juu kwa ajili ya mandhari. Mimi nimechagua ngazi ya chini kabisa, karibu na maji. Pametulia. Hakuna wa kuchungulia.

Nimetandaza turubai, nimesimamisha nguzo, nimefungua mlango mara tano mbele ya mashahidi. Hakuna kilichoanguka. Mama mkwe ameingia, amebonyeza godoro kwa kiganja, ametazama taa, ametazama shuka. Akasema, "Hm."

Nimemuuliza mke wangu "Hm" ni nzuri au mbaya. Amesema yeye ni mtoto wake wa kuzaa na mpaka leo hajui.

Jumamosi, 8 Juni

Leo lazima niandike.

Asubuhi, chai haijachemka, watu wakaanza kushuka kutoka ngazi za juu kuja kukiona kivuli changu. Sikushangaa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye kofia, ameshika kiuno. Akauliza kama kweli ni bure. Nikasema kutazama hakulipiwi. Akauliza kama ipo saizi kubwa zaidi. Nikamwambia natengeneza saizi yoyote atakayo, kwa mikono yangu, uani kwangu. Akashangaa sana. Akauliza inadumu muda gani. Nikasema inategemea mvua. Akanitazama kwa jicho ambalo mimi nililihesabu kuwa ni la heshima.

Kugeuka, mke wa yule bwana ameshaingia ndani ya tela! Na mama mkwe yumo, amejinyoosha! Nikajua neno la kulalamika ndilo hilo linakuja. Badala yake nikamsikia mama mkwe akisema, "Karibu mwanangu, karibu. Mgongo huo, eh? Hebu jilaze hapa." Kumbe kwake yeye anayefungua mlango ni mgeni, na mgeni haulizwi alichofuata. Yule mama akajilaza. Wakaanza habari za migongo. Kisha za waume. Kicheko kikatoka mle ndani mpaka tela likatikisika.

Akaja wa pili. Akaja wa tatu na dada yake. Ikawa foleni! Mimi nje napokea pongezi, naeleza habari za skrubu. Bwana mmoja aliniuliza ndani yake nimejaza nini, sufi au sponji. Nikamwambia hewa tu. Akaondoka akitikisa kichwa.

Mchana akafika Bwana Futi. Alikuja, mimi najua, kulitazama tela lake la matofali. Alisimamisha gari kule juu barabarani, akatazama chini, akakaa kitako kwenye nyasi. Nikadhani amezidiwa na wivu. Baadaye akashuka, machozi yanamtoka, akanishika mkono kama bibi harusi akanipandisha mpaka ngazi ya juu kabisa. Akanigeuza.

Tela langu lote, paa na kivuli, lilikuwa mwanamke mmoja mkubwa amelala usingizi huku akitabasamu. Kisigino chake kinaning'inia juu ya mlango. Na chini yake maneno, yanasomeka labda mpaka ng'ambo ya ziwa: GODORO LA NDOTO ZAKO! INGIA, JILAZE, JARIBU BURE!

Kilima kizima kilikuwa kimesoma tangu jana isipokuwa mimi. Nikaliona tela langu limejaa matofali. Moyo uliniuma, sifichi.

Na hapo hapo, mvua! Si manyunyu. Mvua ya kumwaga! Nikateremka kwa kuteleza. Foleni yote ilikuwa imejibana chini ya kivuli changu, watu wazima, watoto, na mbwa wa mtu. Turubai likaanza kufanya tumbo katikati. Nikasema basi, maji yakimwagika hayazoleki, tena haya yatamwagika juu ya mama mkwe. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kama nahodha. Akamwambia wewe mrefu, chukua ufagio, sukuma hapo. Wewe na kofia yako, vuta kamba. Akamwambia Bwana Futi ashike nguzo na asimwone anaiachia. Akaishika! Kivuli chake cha mpini kiko juu barabarani, hajui hata kukifungua mvuani, kitabu kimelowa!

Kila tumbo la maji lilipomwagika pembeni watu wote walishangilia. Mtu akaleta jiko, chai ikachemshwa, vikombe vikapokezanwa. Mvua ilipokatika hakuna aliyetaka kwenda.

Nimeingia kukagua paa. Chini ya turubai, hakuna hata tundu moja lililovuja. Lakini mama mkwe hajasema kitu. Amelala.

Jumapili, 9 Juni

Hukumu.

Ametoka asubuhi, amejifunga kanga vizuri, akakaa kwenye kiti. Mke wangu, kaka yake na mimi tumesimama mbele yake kama watoto waliovunja chungu. Akasema tangu abaki mjane, watu huja kwake kumpa pole, wanakunywa chai kwa sauti ya chini, wanaondoka. Jana watu wameingia mlangoni kwake wakicheka, wamelala kitandani kwake, wamemsimulia magonjwa yao yote na ya majirani. Akasema hajui nimefanyaje, na kwa jinsi anavyonijua, labda na mimi sijui. Lakini amefurahi. Amefurahi sana.

Kwa kinywa chake! Mbele ya mashahidi! Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni mkwe, nikamkumbatia Bwana Futi. Amenipiga kofi la mgongoni, si la chuki. Mke wangu amecheka mpaka kajifuta macho kwa upindo wa kanga ya mama yake.

Tela linabaki!

Jumatano, 12 Juni

Tumerudi tangu Jumapili jioni. Mama mkwe amekataa kulala chumba cha wageni. Yumo ndani ya tela, uani. Amesema hewa ya mle inamfaa, na tena hana haraka ya kwenda kwake. Ameagiza turubai lisishushwe. Tangu jana kina mama wa mtaa wamo chini ya kivuli, wanapokezana godoro, na mlango wa ua haufungwi. Leo nilitaka jeki yangu iliyomo ndani. Nimepiga hodi. Kwenye tela langu mwenyewe, nimepiga hodi! Mama mkwe akauliza ni nani.

Nimekwenda kumlalamikia mke wangu. Amesema si nilitaka libaki? Limebaki. Kisha akanituma nikachemshe maji ya wageni.

Nimekaa jikoni nikitafakari kwa kina, kama inavyompasa mtu mzima baada ya jambo kubwa. Nimejiuliza nimekosea wapi. Nimetafuta sana. Sijaona mahali.

Bwana Futi amepata habari za mtu anayeuza tela lingine, refu kuliko hili, na alitaka kuja na futi yake tuupime ua kwanza. Nimemwambia asijisumbue. Nimesimama dirishani, nikafumba jicho moja, nikautazama ua, nikalitazama la mama mkwe, nikalifikiria lile jipya. Linaenea kabisa, na nafasi inabaki. Nimeshamwambia mwenye nalo alilete kesho.