Taa ya Njano na Dumu la Maji

Jumatatu, 4 Machi
Taa ya njano ya breki imewaka kwenye dashibodi. Nimeipa kisogo kutwa nzima, haikuzimika. Nikaibandika utepe mweusi. Amani! Nimeendesha lori hadi ghalani roho kwatu. Dumu langu la maji ya kunawa linaning'inia salama chini ya lori, karibu na gurudumu la nyuma. Linagonga kidogo njiani, kama mtu anayepiga hodi. Ubunifu wangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Baba mkwe, mwenye lori, ameubandua utepe kwa ukucha. Amesema taa isipozimika kufikia Ijumaa, ufunguo anampa shemeji. Shemeji! Mdogo wa mke wangu, fundi umeme, tunamwita Mita kwa sababu haachani na kipimo chake. Ufunguo huo uko mfukoni mwangu mwaka wa tisa sasa. Mezani nimeupapasa mara sita. Mke wangu ameuliza kama nawashwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimemzunguka Mita. Nilimwambia nina rafiki, hamjui, lori lake lina taa kama hiyo. Akasema rafiki apime sensa za magurudumu ya nyuma, vile vifaa vya kuhisi mwendo. Isiyosoma ndiyo mbovu. Akaniazima kipimo, akanituma nimsalimie rafiki. Hajashtuka hata kidogo! Nimejiviringisha chini ya lori kutokea mbele, nimelala chali, nimepima. Mkono wa kulia inasoma. Mkono wa kushoto imekufa. Fundi ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenunua sensa mpya. Mvua imeacha dimbwi mbele ya lori, kwa hiyo leo nimeingilia nyuma. Chali tena. Nimeng'oa ya mkono wa kushoto, nikafunga mpya. Ile ya zamani nimeitupa jalalani, Mita asione ushahidi. Nimezunguka kiwanja nikipiga mluzi. Taa inawaka. Nimezunguka tena bila mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Sikuwa na la kufanya, nikamwita Mita. Roho mkononi, maana baba mkwe alikuwa ameshakaa kibarazani akisubiri. Mita alichungulia, akapima. Halafu akaniuliza polepole:
"Shemeji, jana ulilala kichwa kikielekea wapi?"
Nikaelewa: nilipoingilia nyuma, kushoto kwangu kulihama. Niling'oa nzima! Nilichakura jalalani hadi viwiko, nikaipata chini ya maganda. Mita akairudisha mahali pake, ile mpya akaifunga mahali pa mbovu. Taa ikazimika. Akanionyesha ufa kwenye sensa mbovu, na dumu langu kando yake, akasema ni hilo limekuwa likiigonga, nisilining'inize tena. Kibarazani akamwambia baba yake kwamba mimi ndiye niliyegundua sensa iliyokufa. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi. Ufunguo umebaki mfukoni!

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi njema sana. Nimefikiria maneno ya Mita kwa makini. Upande ule dumu halifai, nimekubali, mimi si mbishi. Nimelihamishia upande wa pili, nikalikaza kwa waya mbili. Tena nimeleta kubwa zaidi, la lita ishirini. Barabarani limegonga kwa sauti nzito, ya kuaminika. Saa nane mchana taa imewaka.
Utepe bado unanata.