Harusi Ukutani, Bila Waya Hata Mmoja

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amefunguliwa bandeji ya jicho la pili leo asubuhi. Ashukuriwe Mungu, ashukuriwe daktari, na ashukuriwe mke wangu aliyemshika mkono njia nzima. Miaka sita, kwa sababu ya mtoto wa jicho, mama alikuwa akituona kama watu waliosimama nyuma ya pazia la bafu. Leo aliingia sebuleni, akanikazia macho kwa muda, akasema kumbe nimenenepa hivi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutukanwa.

Halafu akaomba jambo. Tangu nimuoe binti yake, mama huyu hajaniomba hata glasi ya maji. Sasa anataka kuiona harusi ya kitinda mimba wake. Alikuwepo, tena mstari wa mbele, lakini alichoona ni ukungu. Na zaidi ya bibi harusi, anataka kumwona kaka yake, mjomba wa mke wangu, aliyefariki miezi minne baada ya harusi ile. Anasema kuna wakati ukumbi mzima uliangua kicheko. Akauliza wanacheka nini. Akajibiwa, ah, ni mjomba tu. Hakuna aliyemfafanulia. Mimi nilikuwa nje nikipanga magari, mke wangu alikuwa chumbani akishona zipu ya bibi harusi iliyoachia. Video nzima ya saa tatu ninayo kwenye kompyuta, lakini sisi wenyewe tumewahi kutazama keki tu. Miaka miwili mama amekaa na kicheko kisicho na picha.

Kabla sijafungua mdomo, mwanyumba wangu akadakia. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu, fundi wa majokofu, mtu mwema, ila ana televisheni ya inchi sitini na tano na hajawahi kumaliza sentensi bila kuzitaja. Humu daftarini namwita Bwana Inchi. Akasema Jumapili mama apelekwe kwake.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumapili mama ataiona harusi hapa hapa, ukuta mzima, ubora wa juu kabisa, kwa projekta, bila waya hata mmoja.

La waya sijui lilitoka wapi. Ulimi hauna mfupa. Mama anarudi kwake Jumatatu asubuhi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeitoa projekta chini ya kitanda. Nakishukuru kile chuo kilichokuwa kikitupa vitu vyake vya zamani. Ni nzima. Ina taa kali, na kwa mujibu wa kitabu chake hupokea picha kutoka kwenye kompyuta kwa waifai. Kompyuta nikaiweka mezani, projekta juu ya meza ya kupigia pasi, ikatazama ukuta mweupe.

Sekunde tano za kwanza zilikuwa za peponi. Ukumbi wote ukutani! Niliweza kuhesabu maua ya mezani.

Kisha bibi harusi akaganda, mdomo wazi, kipande cha keki hewani. Akakaa hivyo dakika mbili. Sauti haikumsubiri, ilikwenda zake. Tulisikia watu wakishangilia jambo tusiloliona. Picha iliposhtuka na kukimbia kuifuata sauti, bwana harusi alitafuna keki kwa kasi ya cherehani.

Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake. Akasema kama mpango ni kumwonyesha mama harusi ile ile aliyoiona siku ile, basi nimefaulu. Halafu, kwa upole, akashauri nipunguze ubora wa video ili iwe nyepesi.

Nilikataa. Daktari ametumia kisu chembamba kuliko unywele kuyasafisha macho yale. Leo niyalishe picha za kufifia? Ubora utabaki palepale. Waifai ndiyo itakayojirekebisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kwamba mawimbi ya waifai yanapotea ovyo. Yanakwenda jikoni, yanakwenda kwa majirani, yanakwenda mahali pasipo na projekta. Yanahitaji kusukumwa. Nikachukua sinia kubwa la alumini nikaliweka nyuma ya kisanduku cha intaneti, limeelekea ukutani.

Ikasaidia! Bibi harusi alitembea hatua nne nzima.

Shida, sinia lilikuwa likianguka. Mama mkwe, ambaye sasa anaona kila kitu na anataka kushiriki kila kitu, akajitolea kulishika. Nikakataa mara mbili kama inavyopasa, mara ya tatu nikakubali. Alishika vizuri sana. Nikamwomba apandishe kidogo. Nikamwomba alilaze upande wa dirisha. Ametulia, hana papara, mkono wake hautikisiki. Sijawahi kupata msaidizi kama yule.

Mke wangu akarudi kutoka kununua dawa ya matone. Akamkuta mama yake, siku mbili baada ya kufunguliwa bandeji, amesimama juu ya kigoda na sinia kichwani.

Chakula cha jioni nimekula peke yangu. Namshukuru kwa kunipakulia hata hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mchana nilikwenda kwa fundi wa kompyuta, yule dada ambaye kibanda chake kinapakana na duka la mapazia ninakofanya kazi. Nikamweleza yote isipokuwa habari ya sinia. Alinisikiliza huku akisafisha kibodi kwa brashi ya meno.

Akaniambia video yenyewe haina ubaya, projekta haina ubaya. Ila video ya ubora ule ni kama kabati la nguo, na waifai yangu ni dirisha. Ninapitisha kabati dirishani, halafu nashangaa linakwama. Akasema nifungue mlango, yaani nichomeke waya wa picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye projekta. Mita kumi zinatosha. Anao dukani. Dakika moja kazi imekwisha.

Nikamshukuru kutoka moyoni. Maelezo mazuri namna hiyo sijapata kuyasikia. Nikaondoka bila waya.

Si ukaidi. Ni kwamba nilishasema bila waya, na Bwana Inchi alisikia.

Badala yake nimeamua kuongeza giza. Picha ikiwa kali, nani ataona inakwama? Nimetoka dukani na jora zima la kile kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga. Bosi alikuwa amekwenda benki. Kitarudi Jumatatu, hatajua.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepigilia kitambaa kwenye madirisha yote, kwa misumari midogo, sebuleni na korido. Kilikuwa kirefu, kwa hiyo nikaziba na dirisha la chumba cha wageni kwa sababu mwanga wake unapenya chini ya mlango. Giza tupu. Saa tisa alasiri hukioni kiganja chako. Nilijipongeza.

Nilichosahau ni kwamba mama mkwe alikuwa amelala chumba hicho hicho.

Aliamka akafumbua macho, asione kitu. Hakupiga kelele. Aliita jina la binti yake kwa sauti ndogo, mara moja, halafu tena. Sauti ile sitaisahau. Nilikimbia na taa, nikajikwaa kwenye meza ya pasi, nikafika nimepiga magoti. Nikamwambia, mama, ni mimi, ni mapazia, macho yako ni mazima, ni ujinga wangu tu. Nikamulika uso wangu ili auone.

Alinitazama. Kisha akasema, "Bado mnene. Basi naona."

Akacheka mpaka akatoa machozi, na mimi nikalia, na mke wangu aliyekuja na fagio hakujua ampige nani. Kitambaa cha chumba cha wageni nilikitoa palepale. Ningekuwa mimi ndiye mama mkwe, ningeondoka siku ile ile. Yeye aliniuliza kama mkono haujaumia.

Jumapili, 9 Juni

Naandika jioni hii kabla sijalala.

Walikuja saa nane, Bwana Inchi na mkewe. Viti nimepanga, giza nimepanga, simu zote nimezima. Mama amekaa katikati, miwani yake mpya ya jua mapajani. Nikatoa hotuba fupi kuhusu teknolojia. Nikabonyeza.

Ikaganda. Nikazima, nikawasha. Ikaganda. Nikasogeza kisanduku. Nikamtazama mke wangu, naye akatikisa kichwa kwamba sinia nisahau. Mama akasema taratibu kwamba si neno, alichokiona kinatosha. Ukutani palikuwa na nusu ya mgongo wa mpishi.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Mwanyumba akasimama akatoka nje. Nikajua anakwenda kuwasha gari ili wampeleke mama kwenye inchi zake. Ningestahili.

Akarudi kutoka garini na waya umekunjwa mkononi. Hakutangaza. Alipita nyuma ya makochi akiinama, gizani, akauchomeka huku na huku. Alipofika nilipo akaninong'oneza, "Hata televisheni yangu ilinikatalia bila waya. Huu naupitisha chini ya zulia, mwaka wa pili sasa. Usimwambie mtu."

Picha ikatembea. Haikukwama tena.

Tulipeleka mbele hadi mahali pa kicheko. Mjomba akaingia kutoka upande wa jikoni, amebeba kiti kimoja, anamletea dada yake. Muziki ukapigwa. Akasimama. Akakitazama kile kiti kama mtu anayeomba ruhusa, akakishika kiunoni, akaanza kucheza nacho. Taratibu, kwa heshima zote. Akakizungusha ukumbi mzima. Akampita bwana harusi akamkonyeza. Alipofika kwa dada yake akakiweka chini, akakiinamia kukishukuru, kisha akamkalisha mama juu yake. Na mama, ukutani, anageuka kulia na kushoto, anatabasamu bila kujua, anauliza watu wanacheka nini.

Sebuleni hakuna aliyecheka mwanzoni. Tulimsubiri yeye.

Mama akasimama akausogelea ukuta mpaka mwanga wa kaka yake ukamwangukia begani. Akaomba tusimamishe. Akanyoosha kidole.

"Kifungo cha tatu hakipo. Niliwaambia wamshonee."

Ndipo akacheka. Alicheka kicheko cha miaka miwili, na sisi sote naye. Akasema kumbe kiti alichokalia kilikuwa kimetoka kucheza. Tulirudia kipande kile mara saba. Kila mara aliona kitu kipya, kama saa aliyoivaa mkono asiouzoea, soksi, na kovu la kidevuni walilolipata wote wawili kwenye ngazi moja utotoni.

Ningepunguza ubora, kifungo kile asingekiona. Hilo nimemwambia mke wangu mara mbili. Akasema ni kweli, na ningenunua waya, angekiona tangu Jumatano. Hilo nalo ni kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Mama ameondoka. Aliniwekea mkono kichwani mlangoni akaniombea. Sikumbuki maneno yote, nilikuwa nahangaika na uso wangu. Aliniita mwanangu, si mkwe.

Nimempigia mwanyumba kumshukuru. Alisema si kitu. Jina la Bwana Inchi nalifuta kuanzia leo.

Kitambaa nimekirudisha. Bosi alikinyanyua dirishani, jua likapita kwenye matundu arobaini, kama nyota. Nikakiri yote, hata sinia. Bosi wangu, naye ni mama wa watu, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mama yake mzazi alikufa na mtoto wa jicho bila kutibiwa. Akachukua mkasi akakata upande wenye matundu, akaukunja, akanipa nikautunze. Akaniambia siku nyingine niombe.

Nimezungukwa na watu wema kuliko ninavyostahili.

Jumatano, 12 Juni

Mtu aliyetendewa wema hawezi kukaa bure.

Leo bosi alilalamika kwamba wapita njia hawaoni mapazia mapya, duka limejificha. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumamosi saa sita mchana nitarusha picha zake zote kwa projekta kwenye ukuta wa ghala lililo ng'ambo ya barabara, ghorofa mbili kwenda juu, ubora wa juu kabisa, bila waya hata mmoja. Macho yake yaling'aa. Ameshawaalika wateja wake wakubwa.

Mwanyumba amesikia, akapiga simu kuniuliza kama alete ule waya. Nimemshukuru sana. Nimemwambia safari hii hauhitajiki.

Nimekwenda kuukagua ukuta wenyewe. Ni mpana, mweupe, na saa sita mchana jua linaupiga wote sawasawa. Bahati iliyoje! Mwanga mwingi namna ile, picha itaonekana mpaka mwisho wa barabara.