Hotuba ya Kulizindua Boksi Lililogoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa yuko njiani. Waheshimiwa Wenyeviti, Wenyeviti Wenza na Makaimu Wenyeviti wa Kamati Tendaji, Kamati Elekezi na Kamati ya Kuziratibu Kamati hizo mbili. Wadau wakuu, wadau wa kati na wadau wa kawaida. Wauguzi na wafamasia wa dispensari zetu zote. Ndugu zetu wa kujitolea wa ile programu huria, mliokaa kule nyuma karibu na feni mbovu. Dada yangu mkubwa, mfamasia, ambaye leo nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Mama yetu mzazi, uliyeketi mstari wa mbele kwenye kiti pekee chenye mto. Mabibi na mabwana: kila itifaki iliyopo imezingatiwa, na ambayo haipo itaandaliwa. (Makofi.)

Awali ya yote, nijipongeze. Nafanya hivyo si kwa majivuno, bali kwa sababu aliyepangwa kunipongeza ndiye huyo aliyetuma udhuru. Nilipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Uratibu wa Mifumo nilikuta hali ya kusikitisha sana, ambapo watu walikuwa wanafanya kazi, tena kazi nzuri, pasipo mtu yeyote kuwaratibu. (Kicheko upande wa nyuma.) Nikajiuliza, katika zama hizi za dijitali, za rodimapu na fremuwaki, hali hii itaendelea mpaka lini?

Kwa faida ya wale wasio na uelewa mpana wa teknolojia, kundi ambalo nilikuwa mwanachama wake hai hadi hivi karibuni, ipo programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kufungasha programu nyingine. Dada yangu alinieleza jambo hili jikoni kwa mama huku akimenya vitunguu, nami nililia kidogo, kwa ajili ya vitunguu. Alisema unachukua programu yako, unaitia kwenye boksi, unabandika lebo, unaituma. Kompyuta ya dispensari ikishapokea boksi inaitupa programu ya zamani na kuiweka mpya. Programu hii ya kufungasha ni huria, maana yake anayetaka anaisoma, anayetaka anaitengeneza, na wanaoitengeneza hawalipwi hata posho ya kikao. (Mshangao katika meza kuu.) Nami nilishangaa hivyo hivyo, waheshimiwa. Nilimwomba dada arudie.

Sasa watu hawa wa kujitolea ni akina nani? Yupo fundi wa printa, ambaye wanakutana dukani kwake nyuma ya mashine ya fotokopi, wamekalia katoni za karatasi. Yupo mwalimu wa hesabu, anayefika na chaki kwenye mikono ya shati na kuondoka nayo. Yupo dada yangu. Na wapo wengine wa nchi za mbali ambao hawajawahi kuonana nao, wanasalimiana kwa maandishi na kubishana kwa adabu. Kazi yao ni kuiandikia ile programu vipimo, yaani maswali madogo ambayo programu hujiuliza yenyewe kabla ya kuliruhusu boksi kuondoka: jibu likiwa sawa mstari unakuwa wa kijani, jibu likiwa bovu unakuwa mwekundu. Mmoja anaandika kipimo, wa pili anakisoma akitafuta kosa, wa tatu anauliza kwa nini kipo, na wote watatu wasipokubaliana hakiingii wala hakitoki. Niliwahi kuhudhuria kikao chao kwa lengo la kukifungua rasmi, nikakuta wanabishana kama kipimo kimoja kiulize swali moja au mawili, na hakuna aliyepiga meza wala kudai kiti cha mbele. Niliondoka na wasiwasi mkubwa kuhusu nidhamu yao. (Kicheko.)

Mtaniuliza chanzo cha juhudi hizi. Chanzo ni tukio dogo la kifamilia. Kuna boksi lilitumwa kwenye dispensari zetu, lebo yake ikiwa imepambwa vizuri mno, kutoka katika ofisi ambayo sioni sababu ya kuitaja kwa vile ndiyo yangu, na ndani ya boksi hilo, kutokana na changamoto za kimchakato, hapakuwa na kitu. Kompyuta zikatupa programu ya zamani, yenye orodha ya dawa zilizopo, zikaweka hiyo hamna. Asubuhi hiyo mama yetu alikwenda kuchukua vidonge vyake vya presha, kompyuta ikasema havipo, muuguzi akaiamini kompyuta, na mama akarudi nyumbani mikono mitupu ilhali vidonge vilikuwa kwenye rafu, mgongoni mwa muuguzi. Dada ndiye aliyemkuta ameanguka bafuni. Yuko mzima, mnamwona, amevaa hata miwani mipya.

Nilitarajia dada yangu angenipigia kelele. Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alikwenda kwa fundi wa printa, wakairudisha ile programu ya zamani kwenye kila dispensari, kisha akakaa kwenye katoni yake akaandika kipimo. Kazini kwake hakuna boksi la dawa linalosainiwa kabla ya kufunguliwa, hata kama limetoka kiwandani na muhuri haujaguswa. Wamezoea hivyo, mkono unakwenda kwenye mkasi kabla ya kalamu. Kipimo chake kinafanya jambo hilo hilo. Kinalifungua boksi na kuangalia kama kilichoandikwa kwenye lebo kimo.

Ni katika muktadha huo, na kwa kuzingatia hadidu za rejea nilizojiandikia, ndipo ofisi yangu iliposema yatosha, na kubuni Mradi Jumuishi wa Kitaifa wa Vipimo, Ufungashaji na Ustawi, ambao matunda yake tunayazindua leo. Mpaka sasa utekelezaji umefikia asilimia mia na nne. (Makofi.) Kuridhika kwa wadau ni asilimia tisini na tisa, na ile moja iliyobaki tunaifahamu na inakaa karibu na feni. Tumefanya upembuzi yakinifu, tumefanya upembuzi wa ule upembuzi, tumekwenda ziara ya mafunzo katika hoteli yenye mandhari rafiki kwa fikra, tumepata fidibaki, tumeirudisha ilikotoka. Tumejenga Kituo cha Taifa cha Vipimo, ambacho bango lake wote mmelipita pale nje mkiingia.

Na hapa niseme jambo ambalo historia italikumbuka. Siku ya kulitundika bango lile, wapiga picha wakiwa tayari, fundi wa printa aliniuliza iwapo mtu mkubwa anaweza kuamuru boksi liondoke hata kama kipimo kina mstari mwekundu. Nikapanda juu ya kiti nikatamka, kwa sauti hii hii, kwamba kipimo kimoja kikiwa chekundu boksi haliendi, hata nikiamuru mimi mwenyewe. Nilishangiliwa sana. Fundi akauliza kama ninamaanisha. Nikamwambia aandike kama nilivyosema, naye, mnajua mafundi walivyo, akaandika kama nilivyosema. (Makofi upande wa nyuma, ya muda mrefu.)

Naam. Mbele yangu kuna kitufe. Kimefungwa utepe, kimeunganishwa na kompyuta ya fundi, na nikikibonyeza, kifurushi cha mradi wetu, chenye lebo ya rangi nne na picha yangu, kitakwenda kwenye kila dispensari kwa mkupuo mmoja, kitaiondoa ile programu ya zamani iliyochoka, na kuleta mapinduzi. Mabibi na mabwana, tazameni skrini. Nabonyeza. (Anabonyeza. Makofi.)

Kijani, mnaona. Kijani. Kijani tena, huo ndio uongozi. Kijani. Kijani. (Mnong'ono.) Huo wa mwisho ni rangi ya chungwa iliyoiva sana. (Mnong'ono unazidi.) Msaidizi, hebu shughulikia hiyo skrini. (Msaidizi anatundika koti lake mbele ya skrini. Mstari mwekundu unaonekana juu ya koti.)

Ndugu zangu, tusitishwe na mstari mmoja. Katika mistari yote iliyopita, mmoja tu ndio wenye mtazamo hasi, na katika demokrasia yoyote iliyokomaa wachache huheshimiwa kisha huondolewa. Naomba wenzetu wa kujitolea, kwa moyo ule ule wa kujitolea, wakiondoe kipimo hicho sasa hivi tuendelee na ratiba, kwani soda zinapata moto. (Fundi wa printa, akiwa ameketi: "Kuondoa kinaondolewa, bosi. Ila lazima wawili wengine wakisome na wakubali." Mwalimu wa hesabu: "Mimi nimekisoma. Sikubali.")

Naheshimu mchango huo. Dada, wewe ndiye uliyekiandika. Wewe na mimi tumenyonya ziwa moja, tumelala kitanda kimoja miguu kwa kichwa, mimi ndiye niliyebeba begi lako siku ya kwanza unakwenda chuoni. Sikuombi kama Mkurugenzi. Nakuomba kama mdogo wako, mbele ya kadamnasi, usiniaibishe. (Mfamasia anasimama: "Mdogo wangu, hakuna anayekuaibisha. Lifungue tu hilo boksi, watu waone. Likiwa na kitu, mstari utageuka kijani wenyewe, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi.")

Hoja imepokelewa. Niseme tu kwamba kulifungua boksi hadharani si utaratibu, kwa kuwa maudhui ya kifurushi yanaangukia awamu ya pili, na sisi tuko awamu ya kwanza, ambayo ni ya lebo. (Kicheko.) Msicheke. Lebo ile imepitia vikao vingi. Kuna watu waliacha familia zao kwa ajili ya kivuli cha herufi zile. Mwananchi wa kawaida akiletewa boksi haanzi na ndani, anaanza na nje, na sisi tumeanza pale anapoanzia mwananchi. (Sauti: "Mgonjwa anaanzia ndani." Makofi.)

Nani kasema hivyo? Haidhuru. Naona mama yetu amenyoosha mkono. Mama, tafadhali, usisimame, utaletewa kipaza sauti hapo hapo. Msaidizi, kifute kwanza. (Mama anapewa kipaza sauti. Anakishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, humo ndani kuna nini?")

Mama, hilo ni swali zuri sana. Ni swali la kimkakati. Kuna dhamira, mama. Kuna dira. (Mama: "Nimekuuliza kama ninavyokuuliza ukitoka dukani. Umeleta nini?")

(Anapekua karatasi za hotuba mpaka kwenye kaulimbiu.)

Kwa kuwa muda hauko upande wetu, naomba wote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema Vipimo, mnasema Kijani. Vipimo! (Wachache: "Kijani.") Lebo! (Msaidizi, peke yake: "Safi.") Boksi! (Ukumbi mzima: "Lifungue!") Hapana, kwenye boksi mnasema Mbele. Turudie. Boksi! (Ukumbi mzima, wakigonga viti: "Lifungue!")

Basi kaeni. Kaeni, nawaomba. Nimeelekezwa na ratiba kwamba baada ya kaulimbiu ni shukrani, na shukrani nitazitoa zote, maana mtu akifundishwa na mama yake kushukuru hasahau hata akiwa na jasho kiasi hiki.

Namshukuru fundi wa printa kwa kutuazima kompyuta, projekta na ile skrini, na kwa kuturuhusu kutundika bango la Kituo cha Taifa juu ya kibao cha duka lake. Anaomba litolewe kabla hajafunga, maana wateja wa fotokopi wanalipita duka bila kulijua. Namshukuru mwalimu wa hesabu kwa viti hivi vya darasani kwake. Nawashukuru watu wote wa kujitolea, wa hapa na wa mbali, kwa vipimo vyote mlivyoviona vya kijani, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuandikwa, kusomwa na kukubaliwa kabla mradi wangu haujapata hata jina. Nawashukuru kwa namna ya kipekee wataalamu wa ofisi yangu walioiandika programu iliyomo ndani ya kifurushi; ningewataja kwa vyeo vyao, kama tungekuwa tumekwisha kuwaajiri. Naishukuru kamati iliyokagua kazi yao, ambayo itakaa pindi kazi hiyo itakapokuwepo.

Namshukuru dada yangu. Usikitoe hicho kipimo, dada. Hata nikija kesho na barua yenye muhuri, usikitoe.

Na mwisho nakushukuru wewe, mama, kwa swali lako. Sijaleta kitu. Jumatatu ukienda dispensari utaikuta kompyuta ile ile ya zamani na programu ile ile ya zamani, itasema vidonge vyako vipo, na muuguzi atageuka akupe. Mafanikio hayo yametokana na mradi wangu kushindwa kufika. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na soda ziko nje.