Malalamiko Dhidi ya Seli Zinazolishwa Hata Jumapili

Kwa Mkuu wa Maabara ya Damu,

Mheshimiwa, natumaini u mzima, wewe na wasaidizi wako. Mimi ni fundi cherehani, mume wa mtafiti wako wa chumba cha pili. Sina kawaida ya kuandikia wakubwa, ila maji yamenifika shingoni. Binti yetu ana miaka minane, mwili wake hautengenezi damu ya kutosha, na kila baada ya wiki tatu nampeleka hospitali kuongezewa. Naomba mama yake aruhusiwe kuwapo siku hizo. Wanaomzuia ni hawa:

1. Seli shina. Nasikia zinaweza kuwa chochote: moyo, ngozi, ubongo. Kujilisha tu ndiko kulikozishinda. Hubadilishiwa chakula kila siku, Jumapili ikiwamo, na mtu aliyevaa glavu. Mimi kiporo changu napasha mwenyewe.

2. Jeni. Ipo moja ambayo kazi yake ni kuziamuru seli za ukuta wa mishipa zijiviringe, ziachane na sakafu ya kisahani zinamolelewa, zielee ziwe damu. Kazi nzuri, siikatai, maana damu hiyo wanaitafutia wagonjwa kama binti yangu. Lakini mwezi uliopita mke wangu aliizima makusudi aone itakuwaje. Seli ziling'ang'ania sakafuni, damu haikupatikana hata tone, naye akarudi nyumbani amefurahi. Kwangu fundi akificha sindano aone kama shati litashoneka, namfukuza.

3. Muda. Sasa imegundulika kwamba jeni hiyo lazima iwashwe kwa wakati wake. Ukichelewa, seli hazisikii tena. Wakati huo umeangukia Alhamisi hii saa nne asubuhi, saa ileile ya mtoto wangu kutundikiwa damu. Naomba jeni ipewe onyo kwa maandishi na ihamishiwe Ijumaa.

4. Upendeleo. Seli zikiingiwa na ukungu, mke wangu hulia. Mimi nimeumwa mafua wiki nzima, nimeambiwa ninywe maji.

Usiponijibu, nitakuja kuzichukua nizilee mwenyewe. Nimeshaondoa vitambaa kwenye rafu iliyo karibu na pasi, pana joto la kutosha.

Nisalimie wote hapo: mlinzi, mama wa usafi, na zile seli zilizokubali kuwa damu. Hizo sina ugomvi nazo.

Ni mimi, ambaye subira yake imebaki kidogo,
Baba wa mgonjwa wa kitanda cha sita

Nyongeza: Leo ndiyo Alhamisi. Mke wangu ametoroka kazini, akaja wodini saa tatu. Nikafurahi, nikampisha kiti. Mtoto akamuuliza kazi amemwachia nani. Mama mtu akatazama saa. Mtoto akasema, "Mama, nenda. Hapa baba ananitosha." Nimemsindikiza hadi getini, nikamtafutia pikipiki mwenyewe, nikamwambia dereva asizunguke. Kwa hiyo tafadhali nikatalie ombi langu, na ukatae kwa maandishi, ili nikamwonyeshe mtoto kwamba neno lake limeshinda langu.