Kitanda cha Dirishani Kawangware

Leo nimevuliwa nguo Kawangware, mchana kweupe, mbele ya wazee waliokuwa wakila githeri. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mnivumilie nikiruka koma.

Wengi mnanijua. Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Kioko. Nauza blanketi na shuka za mtumba pale soko la Toi, nakaa Laini Saba, chumba kimoja na mama yangu mzazi. Mama miguu imemkataa, lakini mikono bado haijapata habari. Asubuhi nikienda sokoni, yeye anawasha jiko. Nikirudi jioni nakuta moshi, sufuria nyeusi, na mama ameketi pembeni kama mgeni aliyekuta mambo yako hivyo. Jirani aliyekuwa akimchungulia mchana amehamia Kitui. Wiki jana pazia lilishika moto. Lilizimwa na fundi wa viatu wa mlango wa pili, kwa maji ya kulowekea ngozi, na mama akamgombeza kwa kumharibia uji.

Basi nikaambiwa kuna nyumba ya kutunza wazee Kawangware, ya akina mama wa kanisa, na kwamba kuna kitanda kimoja wazi. Kimoja tu.

Majirani wa ploti yetu wakasikia kabla sijaamua. Kwenye bomba la maji mmoja akaniuliza, "Ni kweli unaenda kumwacha mama?"

Kumwacha. Kama mwavuli.

Nikaapa kwamba hiyo nyumba nitaikagua mpaka matofali yaone haya. Na kukagua najua. Mtu akikufungulia robota la mtumba, zile nguo za juu ni za kukuchekea. Wewe zamisha mkono mpaka chini, vuta ya katikati, igeuze ndani nje, inuse kwapa. Ukiipenda, kunja uso, kwa sababu ukionyesha umeipenda umekwisha. Mkishindwana, ondoka polepole bila kugeuka, mpaka mwenye mali akuite mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolea watoto.

"Lakini hiyo ni nyumba ya wazee," akaniambia Akinyi, ambaye kibanda chake kimepakana na changu. "Si robota."

"Akinyi, kila kitu ni robota."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Yeye ni shahidi na atawaambia tu, kwa hivyo heri mnisikie mimi kwanza.)

Tukafika na mama saa sita, bila kupiga simu. Soja wa geti akatuangalia.

"Sasa mathe. Mmeitwa?"

"Hatujaitwa. Ndiyo maana tumekuja."

Msimamizi akatoka, Matroni Nekesa, mama mpana, mpole, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombania kitu sokoni. Akasema karibuni ofisini, chai iko tayari. Nikajua hiyo ndiyo nguo ya juu ya robota.

"Chai baadaye," nikamwambia. "Nionyeshe choo."

"Choo?"

"Choo, halafu jiko, halafu magodoro."

Mama akaniambia kwa Kikamba nipunguze. Nikamketisha kwenye benchi la uani, kivulini, nikamwonya asiseme kitu chochote, na zaidi ya yote asisifu.

Choo kilikuwa kisafi. Ukutani kina vyuma vya wazee kushikilia. Nikavitikisa, vikakataa. Nikavitikisa tena nikiwa nimekanyaga ukuta.

"Hivyo vinabeba mzee, mama," Matroni akasema. "Si tingatinga."

Tukaenda chumba wanacholala. Blanketi ndiyo kazi yangu. Nikafunua kitanda cha mwanzo, cha katikati, cha mwisho, nikanusa zote. Sabuni. Nikahesabu vitanda, nikarudia, hesabu ikawa ile ile, jambo lililonikera kidogo. Kuna mzee alikuwa amejipumzisha, nikamfunua miguu nione kama kucha zake zinakatwa. Zilikuwa zimekatwa. (Aliamka akadhani mimi ni daktari, akaanza kunieleza habari za goti. Nilimsikiliza. Ningefanya nini?)

Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mfanyabiashara akikosa kasoro hana pa kushika. Utaanzia wapi kuongea? Ndipo nikauliza kitanda cha mama ni kipi. Matroni akaonyesha kile kilicho karibu kabisa na mlango wa choo.

Nikafurahi kimoyomoyo. Nikakunja uso.

"Mama yangu mzazi mnamweka mlangoni mwa choo kama ndoo? Nataka kile cha dirishani." Nikaenda nikakibonyeza godoro. Godoro zito, halijachoka. Nikalibonyeza tena.

"Kile kina mwenyewe," akasema.

"Mhamishe."

"Hapa hatuhamishi watu."

"Kila kitu kinaongeleka, Matroni."

"Kitanda hakiongeleki. Na naomba unipe jibu leo hii, kwa sababu kuna familia nyingine inakingoja."

Familia nyingine. Hiyo familia naijua. Hata mimi ninayo kibandani. Kila mteja akisitasita juu ya blanketi, kuna mwingine aliyeniahidi kuja saa nane.

Nikamwambia nipe nafasi nifikirie, nikatoka nyuma ya nyumba kutafuta mtu wa ndani wa kuniambia ukweli. Nyuma ya shuka zilizoanikwa nikamkuta bibi mmoja mdogo, ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, leso kichwani. Ile leso ilifungwa kama wanavyofunga bibi zetu. Nikamsalimu kwa Kikamba. Akanijibu Kikamba cha Machakos, kile cha zamani, kinachotoka polepole.  Mtu wa kwetu hawezi kunidanganya. (Nimeishi Nairobi hii nikiwauzia watu wa kwetu blanketi, na bado niliwaza hivyo.)

Jina lake Kalondu. Nikachuchumaa karibu naye, nikamwita susu kama ninavyomwita nyanya yangu.

"Susu, niambie ukweli. Hapa mnakula?"

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaninyooshea mkono, mwembamba kama mwiko.

"Unauona huu? Tangu jana mwanangu, sijatia kitu mdomoni."

"Na blanketi?"

"Zinaletwa wageni wakija. Mkitoka, zinakunjwa."

Damu ikanipanda. "Na kile kitanda cha dirishani?"

Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. "Hapo usimlaze mama yako. Mvua inaingia, paka wanaingia, baridi yote ya Nairobi inapitia hapo. Anayelala hapo ni mtu wa kuhurumiwa."

"Ni nani huyo?"

"Maskini mmoja tu," akasema, akashusha macho.

Kwenye mkoba nilikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha, chakula cha mama cha mchana. Nikampa yote. Yai la kwanza lilikwisha kabla sijamaliza kumenya la pili. Nikajiambia, ushahidi ndio huu, nimefika chini ya robota.

Nikaingia ukumbi wa chakula kama polisi. Wazee wengine wote walikuwa mezani, na akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kuleta sabuni. Mama yangu naye walikuwa wamemsaidia kuingia, amekaa mwisho wa meza, sahani mbele yake. Nikasimama katikati.

"Matroni, nyumba yako juu inang'aa, chini imeoza. Kuna bibi pale nje hajala tangu jana. Na hizi blanketi zenu ni za maonyesho. Nimejua yote."

Vijiko vikasimama. Mpishi akatoka jikoni, mwanamume mrefu wa kutoka Busia, mwiko mkononi.

"Bibi gani hajala?"

"Kalondu."

 Halafu upande wa pili wa meza kikaanza kitu kama kikohozi, kikakua, kikawa kicheko. Ni mzee mmoja wanayemwita Otieno.

"Kalondu amekula yake," akasema, "akala na yangu. Aliniambia mimi nina watoto wa kuniletea samaki, yeye hana mtu."

"Kila mgeni anaambiwa hana mtu na hajala," mpishi akasema. "Wiki hii peke yake ameshapata ndizi, sambusa na soksi."

"Na kile kitanda cha dirishani ni chake," Matroni akaongeza, bila haraka. "Nadhani alikwambia kinaingiza paka."

Wakati huohuo Kalondu akaingia na fimbo yake, kiini cha yai kidevuni, akaketi mahali pake.

"Susu," nikamwambia. 

"Ulikuwa unataka kitanda changu," akanijibu kwa Kiswahili safi, ili wote wasikie. "Nilikuona kwa dirisha. Ulilibonyeza godoro langu, ukalibonyeza tena. Mtu habonyezi hivyo kitu asichokitaka."

Mtu wa kawaida angeomba radhi hapo, mambo yakaisha. Mimi nimezoea soko. Ukishikwa pabaya sokoni hushuki, unapanda.

"Mama, twende," nikasema.

Nikabeba mkoba, nikainua kidevu, nikatoka. Polepole. Bila kugeuka. Soja alinifungulia geti haraka kuliko ilivyohitajika. Nikapita muuza mayai. Nikapita kinyozi. Kwa kawaida hapo ndipo unaposikia, "Mama, rudi tuongee." Kimya. Nikasimama kwa muuza nyanya, nikauliza bei ili niwape muda. Akaniambia. Nikamwambia ni ghali (mazoea). Bado kimya.

Nikageuka nimwambie mama, unawaona watu hawa walivyo na kiburi.

Hakukuwa na mama.

Nilikuwa nimemwambia "twende" mtu asiyeweza kusimama bila kushikwa, halafu nikaenda. Nilikuwa nimesimama Kawangware na mkoba wenye maganda ya mayai tu, na mama yangu nimemwacha kwenye nyumba ya wazee niliyotoka kuitukana. Kumwacha kabisa. Ile ya bombani.

Nikarudi. Nikagonga geti.

"Nani?" soja akauliza, na tundu la geti analo.

"Ni mimi."

"Wewe yule wa kelele?"

"Ndiye."

"Umesahau nini, mathe?"

"Mama."

Alinifungulia akiwa ameuma midomo. Nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu huko ndani hakuna aliyeuma kitu.

Mama alikuwa kati ya Kalondu na Mzee Otieno, akiwasimulia moto wa pazia kana kwamba yeye ndiye aliyeuzima. Sijamwona akiongea hivyo siku nyingi. Matroni alikuwa na simu mkononi.

"Ile familia nyingine imepiga," akaniambia. "Uliondoka, kwa hivyo nimewaambia waje. Wako njiani."

Ilikuwepo. Ilikuwa familia ya kweli, yenye simu na nauli.

 Nikaliona jiko. Nikaliona pazia. Nikajiona kesho asubuhi nikifunga mlango na kumwacha mama na kiberiti. 

"Nilimshika mkono huyu mama," mama akasema, akimwonyesha Matroni. "Nimemwomba asiwape. Mimi hicho kitanda nakitaka."

"Kile cha mlango wa choo?"

"Usiku nikiamka kuenda choo, mbali si nitaanguka? Dirisha nitalifanyia nini gizani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nisiseme kitu."

Matroni akasema anaweza kuwapigia warudi kwao, lakini kwanza mpishi wake aombwe radhi, palepale alipotukaniwa. Mpishi akakunja mikono, mwiko umesimama kama bendera. Nikasema samahani.

"Huku hatujasikia," Mzee Otieno akasema, kiganja nyuma ya sikio.

Nikasema kwa sauti. Upande wa dirisha nao hawakusikia. Nikasema tena, sasa kama mnadani: naomba radhi, chakula chenu ni kizuri.

"Umejuaje?" mpishi akauliza. "Hujakionja."

Mama akanisogezea sahani yake. Nikaonja githeri, ukumbi mzima unaniangalia mdomo. Ilikuwa tamu. Viazi vimelainika, mahindi yameiva vizuri, kuna vitunguu vya kutosha. Nyumbani kwangu mama hajala githeri kama ile mwaka huu. Nilichotakiwa kufanya ni kumeza na kutabasamu.

Uso ukajikunja wenyewe. Naapa sikuutuma.

"Chumvi imepungua kidogo," nikasema.

Mama akajifunika uso kwa leso. Mzee Otieno ikabidi apigwe mgongo. Kalondu akasema hata yeye amekuwa akiwaambia hivyo. Mpishi akaniangalia, akamwangalia Matroni, akarudi jikoni mabega yakitetemeka, na mpaka sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Matroni akapiga ile simu, akawaambia wale watu pole, kitanda kimepata mtu. Akaikata. Kisha akanigeukia.

"Mama yako anakaa. Wewe karibu Jumamosi. Utamngojea uani."

Mama naye hakunitetea. Aliniambia nimletee sweta yake ya kijani na nisimsumbue susu wa watu, halafu akaendelea na hadithi ya pazia, ambalo sasa lilikuwa limekuwa nyumba nzima.

Sasa niko chumbani. Jiko ni baridi, na moshi hakuna. Kwa hivyo ndugu zangu wa ploti, kabla hamjaniuliza bombani: sikumwacha mama. Mama amebaki kwa hiari yake, mimi ndiye niliyetolewa nje. Na naomba msicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni polepole, kwa maana hizi kuta zetu ni mabati na tayari namsikia mmoja wenu.