Ukombozi wa Banda la Gari la Marehemu Tahir

"Bi Mize, hilo jini la bandani kwako linakula nini?" Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Abdulla, bingwa wa baraza, mbele ya kadamnasi.

Enyi mkunao nazi, enyi mnywao kahawa, sogeeni! Kwa jina la Mola aliyeiumba radi na kuipa amri, nayaandika niliyoyashuhudia.

Banda lile la gari li peke yake uwani. Marehemu mume wangu Tahir alilijenga, gari lisije asilani. Ikakaa humo mashine ya umeme ya kukunia nazi. Nayo, ole wetu, ikaanza kuwatafuna watu mikono hadi viwikoni. Ijumaa ndiyo khitma ya marehemu, wali wa nazi wa watu mia, na wanawake wa mtaa wameapa hawatii mguu humo.

"Jogoo mwekundu!" akanguruma Abdulla, naye amemkumbatia kwapani. "Achinjiwe jini kizingitini, bi mkubwa, litoke!"

"Astaghfirullah! Nimchinjie asiyekuwa Mungu, kwenye khitma ya mume wangu?"

Tena jicho langu lilikuwa lishaona: jini lile humuuma aliyetoka kutia udhu, peku, miguu mibichi. Mwenye kandambili halimgusi. Jini gani hilo, waja wa Mungu, liogopalo kandambili?

Nikamwita Badria binti Pandu, fundi umeme, simba jike mwenye bisibisi. Akaja Alhamisi, akazamisha fimbo ya shaba ardhini, iwe njia ya umeme kushukia, akafunga ukutani kidude cha kuukata umeme unapovuja, kabla haujamla mtu.

Abdulla akacheka. "Kidude kama kibiriti kilishinde jini?"

"Tulia, mzee wangu," akasema Badria, akachomeka mashine.

Tak! Umeme wa banda zima ukakatika, na hapana mkono ulioguswa. Akaifungua mashine tumboni: waya umechunika, umerowa chapachapa.

"Uliuliza linakula nini," akamwambia Abdulla. "Linakula tui."

Akabadilisha waya, akakiwasha kidude, akachomeka tena. Nami, miguu mibichi ya udhu wa alasiri, nikavua kandambili, nikapiga bismillahi, nikashika. Mashine ikavuma, nazi ikamwagika, vigelegele vya wanawake waliochungulia uwani vikapaa hadi mtaa wa pili. Na iandikwe kwa wajao: siku ile banda la Tahir lilikombolewa bila ya tone la damu.

"Na huyo jogoo, Abdulla?" nikamwuliza. "Wali mshaupata, kitoweo bado. Nitamchinja kwa jina la Mwenyewe aliyemuumba."

Akanikabidhi jogoo, akatafuta viatu vyake, akatoka.