Kazi Mia Nne na Kumi na Mbili za Dakta Ocira

Chuo chetu kina furaha kubwa kuutangazia umma wa Kampala kwamba hazina yake ya kidijitali sasa ina itifaki. Hapo awali ilikuwa na tafiti tu.

Zamani, kwenye nafasi ya "Mwandishi", Rehemah wa maktaba alikuwa akijaza jina la aliyeandika. Mtu mzima, ana cheti cha ukutubi, na bado hakuona tatizo. Kamati ya Metadata, yaani ya taarifa za utambulisho wa kila kazi, ambayo katibu wake ni mimi, ililiona. Kwenye sherehe nani hutajwa kwanza? Basi. Waraka Namba Saba ukaagiza: mwandishi wa kila kazi ni Mkurugenzi, Dakta Ocira, waliobaki wataitwa "na wenzake". Dakta alitia saini bila kusoma. Ananiamini tangu enzi zile nikimpigia taipu tasnifu yake.

Jumatatu akaja Lakica, mhitimu wetu, binti wa polisi wa Nsambya, aliyetafiti maji ya chemchemi za Kyebando.

"Madam, nimeomba kazi. Hao watu watatafuta jina yangu kwa hazina kabla ya Ijumaa. Nimejitafuta, sipo."

"Upo," Rehemah akasema. "Wewe ndiye 'na wenzake'."

"Sasa kwa usaili ataenda nani? Mimi ama wenzake?"

Nikamfafanulia kwa upole. Jina hubadilishwa kwa Fomu M, ambamo mwandishi anakiri kwamba hakuandika kazi hiyo, kisha anatia saini. Mwandishi ni Mkurugenzi. Mkurugenzi hasumbuliwi.

"Kumbe ni rahisi," akasema Lakica, akavuta kiti, akakaa. Alikaa hadi Jumatano.

Jumatano hiyo Baraza la Chuo, likitaka kumpa Dakta uprofesa, lilitafuta jina lake. Likapata kazi mia nne na kumi na mbili, zikiwemo "Uzembe wa Uongozi Katika Chuo Chetu" na "Kunyonyesha Nikiwa Masomoni: Uzoefu Wangu". Mwenyekiti, Mama Acayo, akampigia simu.

"Dakta, hongera. Mtoto anaendeleaje?"

Dakta alishuka maktabani kwa miguu yake mwenyewe.

"Toa jina langu. Leo."

"Sawa, mkubwa," Rehemah akasema. "Fomu M, moja kwa kila kazi. Ni waraka wako."

Ya kwanza juu ya rundo ilikuwa ya chemchemi za Kyebando. Dakta akasaini, Rehemah akabonyeza, Lakica akajipiga picha na jina lake kwenye kioo cha kompyuta, akaondoka bila kuaga.

Ilipofika saa kumi, Dakta alikuwa akisaini kama anayepiga muhuri. "Nakiri kwamba sikuandika kazi hii." Ukurasa. "Nakiri." Ukurasa. Rehemah akaichukua fomu ya mwisho, akaisoma mara mbili.

"Mkubwa, hii ni tasnifu yako."

Dakta akaitazama saini yake. Kisha akanitazama mimi.

"Imeshasainiwa," Rehemah akasema, vidole tayari. "Sasa hapa kwa mwandishi naweka nani?"

Itifaki haipendi nafasi tupu, nami ni mtu wa itifaki. Nikamtajia jina langu, herufi moja moja, polepole, asije akakosea.